Majani ya Saa Kumi

Jumanne, vyombo vya mchana vilipokwisha kuoshwa na kufunikwa, Bibi Sindano alitandaza gazeti juu ya meza ya kulia, akavaa miwani yake na ya marehemu mumewe juu yake, akaendelea kuichafua ndege.

Ndege yenyewe ilikuwa ya plastiki, ya kuenea kwenye boksi la viatu, mfano wa zile ndege za kivita za wakati wa ujana wao. Mumewe, aliyekuwa fundi wa ndege vitani, ndiye aliyeinunua ikiwa vipande vipande. Alikuwa ameshaunganisha bawa moja na mkia alipougua na kufariki. Vipande vikakaa juu ya kabati miaka mitano. Bibi Sindano alikuwa mshonaji tangu usichana wake, na hakuwahi kuiacha nguo ya mtu bila pindo, basi mwishowe akavishusha. Alikata kwa wembe, akashika kwa kibanio cha nyusi, akagundisha, akapaka rangi mara tatu, kijani juu na kijivu chini.

Ikang'aa kama ya dirishani dukani. Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana marehemu alikuwa ameandika kwa penseli pembeni mwa karatasi ya maelekezo kwamba ndege iliyofanya kazi haikai safi, na uchafu wake hauji ovyo. Masizi huanzia kwenye bomba la moshi na kurudi nyuma. Oili hushuka. Rangi huchubuka pale buti la rubani linapokanyaga kila siku, si penginepo. Bibi Sindano akasaga ncha ya penseli akapata masizi, akasaga chaki akapata vumbi la magurudumu, akachovya kipande cha godoro katika rangi ya fedha akagusagusa palipokanyagwa. Mambo hayo alikuwa ameyasikia mezani miaka arobaini huku akichambua mchele, naye akidhani hayamwingii.

Mstari wa mwisho wa penseli ulisema: nati ya bomba la maji, mstari mwekundu.

Huo hakuhitaji kuelezwa. Mumewe akishakaza nati, alivuta mstari wa rangi nyekundu kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilichoishikilia. Nati ikilegea unywele mmoja, mstari unakatika, na mwenye macho anaona. Hata nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Alikaza mifuniko ya chupa za jikoni na kuipiga mstari, na nyumba nzima ilikunywa chai kavu, bila sukari, mpaka arudi. Chupa ya sukari aliyoifunga asubuhi ya siku aliyokufa ilikuwa bado rafuni. Hakuna aliyeweza kuifungua.

Na mtu huyo ndiye aliyefukuzwa kazi kwa kuacha nati legevu. Injini ilichemka angani, ndege ikaanguka kwa tumbo katika shamba la watu, rubani akatoka hai na kuitwa shujaa, na ripoti ikaandika kuwa fundi hakukaza nati ya bomba la maji ya kupoza injini. Fundi akarudi nyumbani na boksi la spana, akatengeneza baiskeli mpaka mwisho wa maisha yake. Kwa mkewe alilitaja jambo hilo mara moja tu. "Niliikaza," alisema, akaomba maji ya kunawa. Bibi Sindano alimwamini siku hiyo hiyo, lakini imani ya mke haiwekwi kwenye faili, na alitaka kabla naye hajaenda, faili hilo liseme kweli.

Akavuta mstari kwa unyoya mmoja wa ufagio. Ulipokauka, saa kumi kamili ya jioni, ndege ikapata joto kama pasi iliyowekwa kando, na kutoka katika mdomo wake wa chini ya tumbo, ule wa kuvutia hewa, yakadondoka majani mabichi kumi na moja. Kila moja lilikuwa dogo kuliko punje ya ufuta. Bibi Sindano akayazoa kwa brashi ya poda, akaosha mikono, akaenda kuinjika chai. Kesho yake saa kumi yakadondoka mengine kumi na moja.

Dada wa marehemu, wifi yake, alikuja siku ya tatu. Hakupata kumsifu mke wa kaka yake kwa lolote tangu siku ya harusi, na hakutaka kuanzia hapo. Aliinama juu ya gazeti akatazama kwa muda.

"Wifi, ndege yako inatapika mboga."

"Si mboga. Ni majani ya mti."

"Basi ilipita kwenye mti."

Kisha wifi akaigeuza ndege taratibu, akatafuta ile nati, na mstari mwekundu ulikuwa mzima. Akaomba kanga ya kutokea, wakaibeba ndege mpaka masjala, ofisi inayotunza mafaili ya vita.

Karani wa masjala alikuwa mtu wa heshima. Alingoja nao mpaka saa kumi ingawa ofisi hufungwa saa tisa na nusu, akaweka kiganja juu ya ndege akahisi joto, akayahesabu majani kwa kioo cha kukuzia. Aliwaambia kwamba faili moja la mafuriko ya zamani huvuja maji kila masika, nao wamelitegea beseni, kwa hiyo hana shaka na majani. Tatizo ni kwamba ripoti hurekebishwa na aliyeitia saini, na aliyeitia saini ni rubani mwenyewe. Akawaandikia anwani, ingawa hakukuwa na haja. Mtaa ulikuwa na jina la rubani.

Rubani aliwapokea barazani, shingo imekonda ndani ya kola iliyopigwa pasi. Alipowekewa majani kiganjani hakuuliza yametoka wapi.

"Mti wa mbele ya nyumba ya mchumba wangu," alisema. "Nilishuka chini ili anione."

"Alikuona?" aliuliza wifi.

"Alikuwa uani, anafua."

Akaeleza yaliyobaki kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Saa kumi ya jioni alipita chini mno, matawi yakaingia mdomoni mwa ndege, hewa ikakatika, maji yakachemka. Akiwa hospitalini aliletewa karatasi iliyokwisha andikwa, akaambiwa atie saini, naye akatia. Fundi alikuja kumtazama wodini akiwa na machungwa. Hakumuuliza kitu.

Bibi Sindano akatoa karatasi ya masjala na kalamu, akaviweka mezani.

Rubani aliisoma mpaka mwisho, akaisoma tena. "Shemeji," alisema, "mtaa huu una jina langu. Shule ile pale ina jina langu. Nikitia saini, watoto waambiwe wanasoma wapi?"

"Waambiwe wanasoma shuleni," alisema Bibi Sindano.

Rubani akaishika kalamu. Akaishika kwa muda mrefu, chai ikapoa, utando ukajikunja juu ya kikombe. Halafu akairudisha mezani, akailaza sambamba na karatasi, akasema mkono haumtii siku hizi. Akaomba aachiwe jani moja. Bibi Sindano akamchagulia lililo bichi zaidi, kwa kibanio, akamwekea juu ya kitambaa cha mkononi. Walipofika kona ya mtaa wifi aliuliza kwa nini amempa, naye akajibu kwamba hakuona sababu ya kumnyima kilicho chake.

Ripoti iko masjala hadi leo, na inasema nati ilikuwa legevu. Karani huifuta vumbi.

Ndege iko rafuni, karibu na chupa ya sukari. Saa kumi hupata joto, nyumba ikanukia mafuta na chuma kama marehemu alivyonukia akiingia mlangoni, na Bibi Sindano huacha cherehani, akakaa mkono wake ukiwa karibu na bawa mpaka joto liishe. Kisha huzoa majani na kuyatia katika chupa yake mwenyewe. Huikaza, naye huipiga mstari.

Wifi huja kila Jumanne. Kabla ya kukaa huishusha chupa ya sukari, huibana kwapani, huuzungusha mfuniko mpaka mishipa ya shingo imsimame. Kisha huirudisha mahali pake, mstari ukiwa umenyooka vile vile, na kusema watakunywa kavu.