Majani ya Ukuta wa Mama

Fundi alikuwa na sheria moja, na aliirudia mpaka watu wakachoka nayo: mmea ukishatambaa ukutani, unaukata shina chini, halafu unausahau. Unauacha ukauke wenyewe, mizizi iachie matofali. Ukiung'oa mbichi, unaondoka na chokaa yote. Haraka haraka haina baraka, na kwa ukuta mkongwe haina hata huruma.

Nyumba ya mama yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, yaliyopangwa kabla babu hajazaliwa. Majani yaliufunika ukuta wote wa nje, na nyuma ya ukuta huo ndipo kilipokuwa kitanda cha mama, ambaye siku hizi hakuweza kusimama bila kushikwa. Fundi alikata shina, akamwonya kaka yake.

"Usiguse, kaka. Hata jani moja."

"Kwani mimi mtoto?" kaka akacheka.

Mtoto hakuwa, ila masikio yake yalikuwa ya pambo tu. Majani yalipoanza kunyauka, majirani wakasema nyumba ya mama yake imegeuka jalala. Maneno yale yalimchoma.

Fundi aliporudi kukagua, alimkuta uani amefunga kamba kwenye mmea, anavuta kwa nguvu zake zote, jasho linamtiririka.

"Dada! Nakupunguzia kazi!"

Ukuta ulikuwa umeshatoa tumbo.

"Acha! Mama yuko ndani!"

Alichelewa. Ukuta ulishuka wote kwa mkupuo, na vumbi la chokaa likafunika kila kitu. Fundi alisikia mtu anapiga mayowe, kumbe ni yeye mwenyewe. Alikimbia, akapanda kifusi kwa mikono na magoti, hana akili ya jambo jingine lolote duniani.

"Mama! Mama!"

Vumbi likapungua, akamwona. Mama alikuwa amekaa kitandani, shuka mapajani, uso mweupe kwa chokaa, hana hata mchubuko. Hakuna tofali lililoingia chumbani; yote yalikuwa yameangukia nje. Fundi akalia, akacheka, akamshukuru Mungu, vyote kwa mara moja.

Mama hakumtazama usoni. Macho yake yalikuwa kwenye kifusi, pale bintiye alipopiga magoti.

"Toka hapo, mwanangu," alisema. "Umemkalia kaka yako."