Mikono Katika Mfuko wa Mwisho

Kazini walimwita Bibi Mikono, na jina lilimkaa. Kila siku aliinamia hadubini akichunguza nyota-manyoya, wale wanyama wa baharini wanaojishika mwambani kwa kucha na kuchanua mikono yenye manyoya, hata wageni wa jumba la makumbusho wakabishana kama ni ua au mdudu. Si ua wala si mdudu. Ni mnyama mwenye hasira za karibu: ukimshika vibaya anajikatia mikono na kukuachia hiyo mikono, mwenyewe anabaki pale pale mwambani akingoja iote mingine.

Kwa sababu ya tabia hiyo ya mnyama, marehemu mumewe, mzamiaji aliyemkusanyia wanyama hao, alikuwa na sheria moja: mfuko mmoja, mnyama mmoja. Wakiwekwa wawili wakamwaga mikono yao, nani atajua upi wa nani? Aliirudia sheria hiyo mpaka wenzake wakawa wanaimalizia wenyewe kabla hajafungua mdomo. Mifuko aliikabidhi mlango wa nyuma wa jumba, kwa kuwa walinzi hawakutaka mtu anayechuruzika maji kwenye sakafu yao, na mkewe hakuwahi kuwabishia. "Ipo siku nitakuletea usiyemjua," alikuwa akimwambia pale mlangoni, kisha huyo, anaondoka zake.

Mfuko wa mwisho uliletwa na watu wengine. Saa ya kuzamia ya mumewe ilionyesha kwamba alikuwa ameshaanza kupanda, kisha akarudi chini, chini kabisa, na hewa haikumtosha kupanda tena. Alirudia nini? Mama mkwe aliuliza swali hilo msibani. "Mwanangu angeoa mshona nguo angekuwa hai," alisema mbele za watu, na tangu hapo hakumpa mkwewe zaidi ya salamu ya kukata.

Ndani ya mfuko ule mlikuwa na kiwiliwili kimoja na lundo la mikono iliyokatika. Kucha za kiwiliwili zilikuwa za jamii moja inayojulikana. Lakini baadhi ya mikono ilikuwa na vichanuo, yaani vimeno vidogo kwenye manyoya ya karibu na kinywa, na hivyo ni vya jamii nyingine kabisa. Hakuna kitabu kilichomjua mnyama wa namna hiyo. Alikuwa aina mpya! Bibi Mikono alilia mpaka akashindwa kuona kilichokuwa mbele yake, kisha akatoka mbio hadi kwa mama mkwe. Mnyama huyu atapewa jina la mwanao, alimwambia. Huyu ndiye aliyemrudia chini. Mama mkwe akamshika mikono yote miwili, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akamwita mwanangu. Kabla ya wiki kwisha, mtaa mzima ulikuwa na habari.

Siku ambayo mama mkwe alikuwa aje kumwona mnyama huyo, ilikuwa imebaki picha ya kuchora tu kwa ajili ya makala ya kumtangaza. Ili kuchora, inabidi kila mkono urudishwe mahali pake. Mkono hukatika penye kiungo chake, na ukirudishwa hapo hukaa kama kifuniko kwenye sufuria yake. Hakuwahi kuijaribu kazi hiyo tangu amhifadhi mnyama kwenye chupa ya spiriti. Mikono ilikuwa dhaifu, tena ya nini kujaribu? Mfuko ulikuwa wa mtu wa mfuko mmoja, mnyama mmoja. Alimwamini akiwa hai, akamwamini akiwa marehemu.

Mikono isiyo na vichanuo ilikaa, mmoja baada ya mwingine, mpaka kiwiliwili kikakamilika. Yenye vichanuo ikabaki kwenye kisahani bila pa kuwekwa. Akaigeuza, akaibembeleza kwa koleo, akaitukana. Haikukaa hata mmoja. Kulikuwa na wanyama wawili. Mmoja mumewe alimchukua mzima kwenye maji ya juu. Wa pili, wa chini kule, alikataa kubanduka, akamwachia mkononi fungu la mikono, naye akalitia kwenye mfuko uliokuwa na mwenzake. Hakuwa na muda wa kutafuta mfuko mwingine. Na wote wawili walikuwa wa kawaida, wanaojulikana tangu zamani.

Mkuu wa idara alipoambiwa alifunga mlango. "Chapisha," alisema. "Chupa yenyewe nani ataifungua?"

"Nimeshaifungua mimi," alisema Bibi Mikono, akatoka. Moyo wake ulikuwa mchungu, na alimchukia yule bwana kwa kuwa alikuwa amesema alichokiwaza yeye asubuhi nzima.

Mama mkwe alifika amevaa nguo zake za sherehe. Alikaribishwa kiti, akakataa. "Yuko wapi?"

Angeweza kumwonyesha chupa na kunyamaza. Badala yake akamwonyesha kisahani, akamweleza yote. Mama mkwe akakiinamia kisahani.

"Kwa hiyo jina hakuna."

"Hakuna, mama. Nisamehe."

"Na hii mikono ndiyo aliyoirudia?"

"Ndiyo."

"Ya mnyama gani?"

Bibi Mikono akamwelekeza kwenye rafu iliyokuwa nyuma ya kiti chake mwenyewe. Mama mkwe akasogea. Zilikuwa chupa kwa chupa kutoka mwanzo wa rafu hadi mwisho, na katika kila moja nyota-manyoya aliyepauka, maana spiriti hula rangi yote.

"Hawa?"

"Hao hao."

Mama mkwe aligusa chupa moja, akaigusa ya pili, kama mtu anayechagua sokoni. "Mlikuwa nao hawa wote, naye akarudi chini."

"Hakuwajua, mama. Alidhani ni mgeni. Alitaka kuniletea nisiyemjua."

"Wewe ulikuwa unawajua." Mama mkwe akageuka. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Miaka yote ile alikuwa akija hapa. Hukumwingiza ndani hata siku moja akaiona hii rafu?"

Bibi Mikono alitazama sakafu. Ilikuwa kavu, safi, imepigwa deki asubuhi ile.

"Walinzi hawakutaka maji," alisema.