Upande wa Uso

Katika nyumba za uwanja wa ghala kuna picha inayotundikwa karibu kila sebule, na mtu akiiona kwa mara ya kwanza hudhani aliyeipiga alikosea. Ni picha ya mgongo. Mwanamume mrefu mwenye koti la kijivu amesimama jukwaani, kisogo kimeelekea kamera, na mbele yake, wadogowadogo kwa umbali, kuna watu walioinua nyuso. Mwenye nyumba hungoja mgeni aulize. Asipouliza, ataulizwa yeye: "Hujaiona picha yetu?" Kisha kidole kitatembea juu ya kioo mpaka kwenye zile nyuso. "Huyu hapa mama. Huyu mjomba. Mwenye kilemba ni jirani yetu, Mungu amrehemu. Wote hao wanamtazama Rais usoni."

Fundi Mdogo alikulia chini ya picha hiyo. Yeye mwenyewe yumo, ila haonekani. Alikuwa amebebwa mgongoni na mama yake, amelala fofofo, na utani wa jambo hilo haujakoma mpaka leo, akiwa mwanamke mzima mwenye wajukuu. "Rais kaja, wewe unakoroma," humwambia. Hata jina lake ni utani uliogoma kuondoka. Fundi ni baba yake, na binti alipoanza kushika msumeno watu wakatafuta namna ya kuwatofautisha. Sasa karakana ni yake na baba macho yamefifia, lakini Mdogo amebaki Mdogo.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Rais alikuwa anakuja kufungua ghala, na baba yake pamoja na wenzake wakapewa kazi ya kujenga jukwaa la mbao uwanjani. Kazi ilikuja kwa haraka na maelezo yalikuwa machache: liwe imara, liwe na ngazi, liwe na mbao za kushikia mbele na nyuma. Hakuna aliyesema litazame wapi, maana wakubwa waliona jambo hilo halina haja ya kusemwa. Wageni wa heshima wangekaa kwenye baraza ya ofisi, penye paa na kivuli, na jukwaa lingetazama barazani.

Mafundi hawakuifikiria baraza. Fundi wa mbao akiweka meza yake ya kazi, kwanza hutafuta mwanga. Hutaka uje kutoka mkono wa kushoto, ili kivuli cha mkono wa kulia kisifunike mstari anaoukata. Hawakujadiliana. Walisimika nguzo kama walivyozoea kusimika meza zao, wakapiga misumari, na kazi ilipokwisha jukwaa lilikuwa limeipa baraza mgongo na kuutazama uwanja wa nyuma, kwa wabeba magunia, washona magunia, wafagizi na watoto wao.

Bwana mkubwa wa wilaya alipofika asubuhi na kuliona, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Jukwaa lilikuwa vilevile. Alianza kufoka, lakini ving'ora vilikuwa vimeshasikika barabarani.

Rais alipanda, akatazama upande huu, akatazama upande ule. Kisha akainama kidogo kumwuliza baba, aliyekuwa bado ameshika nyundo chini ya ngazi:

"Fundi, mmeniweka hivi makusudi?"

"Hapana, mheshimiwa. Tumekosea. Tulifuata mwanga."

Rais akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Basi na mimi nitafuata mwanga," akasema, akaanza kuzungumza na wabeba magunia.

Hata wiki mbili hazikupita, redio ikatangaza kwamba ameuawa kwa risasi katika mji mkuu. Wanaokumbuka husema washona magunia waliacha sindano zimechomeka kwenye magunia, wakatoka, wakaenda kusimama mbele ya jukwaa tupu, kila mmoja mahali palepale aliposimama siku ile. Hawakupanga. Mmoja alitoka, wengine wakafuata. Baadaye, machozi yalipokauka, kikabaki kitu kingine ambacho hawakukitarajia. Ile ilikuwa ziara yake ya mwisho nje ya mji mkuu. Nchi nzima ilimlilia, lakini wao ndio aliowatazama mwisho, mmoja mmoja, kwa utulivu, mwanga ukiwa mzuri. Tangu hapo mji una watu wa uso na watu wa mgongo, na hata timu za mpira ziligawanyika hivyohivyo.

Jukwaa lenyewe liliozea mvuani zamani. Sasa halmashauri iliamua kujenga jipya la kudumu, la mbao ngumu juu ya msingi wa zege, na kazi akapewa Fundi Mdogo. Siku ya kulizindua angekuja binti wa yule Rais. Uwanja mzima ulivimba kwa furaha. Fundi Mdogo naye alivimba, mpaka alipokunjua mchoro mezani, akauzungusha, akauzungusha tena. Jukwaa lilitazama barazani.

Hakumwambia baba. Alikwenda ofisini kwa Katibu wa halmashauri.

Katibu alikuwa kijana mpole, mjukuu wa yule bwana mkubwa aliyefuta miwani. Alimpa kiti kabla hajaketi mwenyewe.

"Katibu, mchoro una kasoro. Jukwaa limegeuzwa."

"Halijageuzwa, Mama Fundi. Limewekwa sawa. La kwanza ndilo lililogeuzwa, na mzee wako mwenyewe anasema lilikuwa kosa."

"Ni kosa, ndiyo. Lakini ni kosa letu, ndilo tunaloadhimisha."

Katibu akatabasamu, halafu akaacha. "Nisikilize. Mama yule si kijana. Atakaa wapi? Barazani, kwenye kivuli. Sasa nimwite kutoka mbali, aje kumkumbuka baba yake, nimwonyeshe visogo vya wasemaji asubuhi nzima? Hata wewe ungenicheka."

Upole huo ulimuudhi Fundi Mdogo kuliko kama angekuwa amefokewa. "Nikikataa kulisimika hivi?"

"Sitagombana na wewe. Nitatafuta fundi mwingine, na nitasikitika. Nguzo zinasimama kesho."

Alirudi nyumbani akiyatafuna maneno ya Katibu. Akikataa, fundi asiyejua lolote angelisimika kwa mchoro. Akikubali, angekuwa yeye, mtoto wa Fundi, ndiye aliyeigandisha habari isiyo ya kweli kwenye zege, na wajukuu wa uwanja wangekuja kuonyeshwa mahali ambapo Rais aliwapa mababu zao kisogo.

Asubuhi yake baba alimtaka ampeleke akapashike mahali pa nguzo. Hakupata kisingizio. Alimshika mkono wakavuka uwanja, na alipofika kwenye mashimo akasimama nyuma, akingoja. Mzee alipapasa vigingi kwa fimbo, akajua ngazi ziko wapi, akazunguka, akasimama pale atakaposimama msemaji. Kisha akalishika shavu lake la kulia.

"Jua liko huku."

"Ndiyo, baba."

"Hapa naitazama baraza."

"Mchoro ndivyo unavyotaka."

"Umeujua tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Ukanyamaza, unanitembeza uwanjani kama bibi harusi." Hakusema kwa hasira. "Na Katibu anasemaje?"

Akamweleza yote, habari ya kivuli na ya visogo, bila kuongeza chumvi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Kijana ana hoja," akasema. "Mgeni akalishwe vizuri. Simika kama alivyosema, mwanangu. Mimi nimeshalisimika langu, hakuna wa kuling'oa kichwani mwangu."

Maneno hayo yalimwumiza Fundi Mdogo kuliko kelele. Kabla hajafungua kinywa, mtu mwingine akajibu.

"Huyo mgeni hana miguu?"

Alikuwa Bibi Sauti, mshona magunia wa zamani, ameketi kizingitini kwake anachambua mchele. Nyumba yake iko mbali na mashimo, lakini hajawahi kushindwa kusikia wala kusikika.

"Shikamoo, bibi. Unasemaje?"

"Marahaba. Nasema hivi, mnahangaika kugeuza jukwaa, viti vimepigwa misumari? Aje akae huku na sisi. Baraza ina nini? Nimeifagia miaka mingi, ina popo tu."

"Kuna jua, bibi."

"Na maturubai ya kufunikia magunia yana kazi gani? Tufunge kutoka ghalani mpaka kwenye ukuta wangu. Ila ukuta usinivunjie, wewe mtoto wa kulala."

Mzee akaanza kucheka, taratibu. Fundi Mdogo hakucheka. Alikuwa ameshaanza kupima kwa macho: ghala pale, ukuta pale, nguzo mbili za kati zingetosha.

Alimkuta Katibu anashuka kwenye gari, akamweleza akiwa bado amesimama: jukwaa litazame uwanja, mgeni akae uwanjani, kivuli ataweka yeye, viti vitatoka majumbani.

"Viti vya majumbani," Katibu akarudia.

"Vitafutwa vumbi."

"Kuna mkuu wa mkoa, kuna wabunge. Niwaambie wakae nyuma ya ghala na kina mama wanaochambua mchele?"

"Waambie ndipo Rais alipokuwa anatazama. Asiyetaka kutazamwa na Rais akabaki barazani."

Katibu aliegemea gari. Alitazama uwanja kwa muda mrefu, akautazama na mchoro, kama mtu anayepima viatu viwili. "Babu yangu angenilaani," akasema mwishowe. "Au pengine asingenilaani. Nikifukuzwa kazi utaniajiri?"

"Msumeno unaujua?"

"Siujui."

"Utafagia maranda. Tuna kijiko kimoja tu cha sukari kwenye chai, nakuambia mapema."

Nguzo zilichelewa siku moja. Alizisimika mwenyewe, na kabla zege halijamwagwa alimsimamisha baba pale kati. Mzee alishika shavu la kushoto, akatikisa kichwa kukubali, akaomba apelekwe nyumbani akanywe chai.

Siku yenyewe ilipofika viti vilitoka kila mlango: vya mbao, vya plastiki, makochi yenye vitambaa vya kufuma, kigoda kimoja kilichobebwa na mwenyewe aliyekataa kukiacha. Turubai lilikuwa na chapa za magunia na lilipitisha mwanga wa rangi ya asali. Wabunge wawili walikwenda barazani, wakakaa peke yao kidogo, kisha wakaja. Katibu aliwapisha.

Binti wa Rais alikuwa mwanamke mnene mwenye mvi, mwenye kusikiliza. Walimkalisha kwenye kochi la Bibi Sauti, karibu na mzee. Hotuba zilisomwa, na wasemaji walipomaliza akaombwa azungumze. Alisimama, lakini hakupanda. Aliligusa jukwaa kwa kiganja, akawageukia watu.

"Safari hiyo ndiyo aliyonikataza kumsindikiza," alisema. "Nilikuwa na mitihani. Picha ya siku ile tuliyo nayo nyumbani ni hii ya mgongo tu. Naomba mtu aniambie alikuwaje usoni."

Hapo uwanja ukafumuka. Kila mmoja alikuwa na la kwake, na hawakungojeana zamu. Alikuwa na jasho puani. Hakuwa na jasho, alikuwa amepakaa mafuta. Jino moja la pembeni lilikuwa limekatika. Alipocheka alifumba jicho moja. Yote mawili. Moja, nilikuwa mbele yako. Bibi Sauti alisimama, akawashinda wote: Rais alimwuliza yeye mwenyewe, mkono wake umefungwa kwa nini, akamjibu ni sindano ya magunia, mheshimiwa, imenichoma, naye akakunja uso kama amechomwa yeye. "Hivi," akasema Bibi Sauti, akaukunja wake. Binti wa Rais aliutazama uso ule wa kizee uliokunjwa, akaweka mkono kinywani, na alipouondoa alikuwa anacheka na kulia pamoja.

Fundi Mdogo alisimama kando ya nguzo aliyoichonga. Alikuwa amezisikia habari hizo tangu utoto, lakini hakuwahi kuziona zikipokelewa na mtu aliyekuwa anazihitaji. Alihisi kifua kimempanuka, akanyoosha mgongo bila kujua.

Kelele zilipotulia kidogo, Katibu akakohoa.

"Na wa mgongo wanaruhusiwa?"

"Wewe sema," akasema binti wa Rais.

"Babu yangu alikuwa barazani. Hakupenda siku ile, lakini aliizungumzia mpaka alipofariki. Alisema waliokaa mbele hawakuona mikono. Muda wote wa hotuba mkono mmoja aliuweka nyuma, ameshika ubao, na kidole gumba kilikuwa kinaupapasa. Kinakwenda, kinarudi. Babu alisema alikuwa anazungumza kwa kinywa huku anapumzika kwa kidole."

Kwa miaka yote hiyo uwanjani hakuna aliyelijua hilo.

"Meza ya kulia chakula," binti wa Rais akasema polepole. "Nyumbani, ukingo wa upande wake ulikuwa umelainika. Alikuwa anaupapasa tukizungumza."

Mzee alikuwa ameinamisha sikio. Alinyoosha fimbo mpaka ikamgusa Katibu mguuni.

"Kijana. Babu yako alisema ubao upi? Wa juu au wa kati?"

"Wa juu, mzee. Wa nyuma, ule wa juu."

Mzee akaegemea kochi. Uso wake wote ukatulia, kisha ukatanuka taratibu, akamtafuta binti yake kwa mkono mpaka akampata.

"Ule niliulainisha kwa randa mimi," akamwambia. "Wenzangu walisema niuache hivyohivyo, nyuma nani ataushika. Nikaupiga randa."