Sauti ya Wilkister

Jumanne moja ya Julai 2021, saa tisa na dakika kumi alasiri, Aketch alikuwa mezani kwake Quakers Hill, Australia, amevaa soksi mbili mbili kwa baridi, akingoja kifurushi kimalize kujengwa. Kifurushi ni programu iliyofungwa pamoja na vitu vyake vyote, tayari kupelekwa kwenye mashine za watu. Hiki kilikuwa cha skana za ghala moja huko Wetherill Park, zile za mkononi ambazo wafanyakazi humulikia maboksi. Boksi likiwa lenyewe, skana inasema. Likiwa silo, inasema pia.

Ilisema kwa sauti ya mama yake Aketch. Wafanyakazi wengi wa ghala lile walitoka Uvira na Bukavu, Kiingereza cha skana kiliwachosha, na mwenye ghala akaomba Kiswahili. Aketch alikuwa na rekodi. Desemba 2019, mara ya mwisho kwenda Nakuru, alimketisha mama yake Wilkister jikoni akamwambia aseme maneno kumi na moja kwenye simu: ndiyo hiyo, siyo hiyo, rudisha, subiri kidogo, pole pole, hongera, na mengine ya kazi. Wilkister aliyasema mara moja tu, bila kukosea. Alikuwa opareta wa simu pale Posta kwa miaka ishirini na sita, na Nakuru nzima ilimjua kwa sauti, hata waliokuwa hawajawahi kumwona. Ukitaka Nairobi ulipitia kwake kwanza, naye alikuuliza watoto wanaendeleaje kabla ya kukuunganisha. Jamani, simu zilikuwa na adabu zamani.

Wilkister alifariki Mei 2021. Mipaka ya Australia ilikuwa imefungwa, na Aketch alimzika mama yake kupitia kompyuta, picha ikikatika kila jeneza lilipoonekana. Iliuma, na bado inauma.

Sasa tuseme ukweli kuhusu ule ujenzi. Mtu makini hujenga kifurushi kama mtumiaji wa kawaida, ndani ya folda moja, na akipotoka mashine humwambia huna ruhusa. Kwa kina Aketch walijenga kama msimamizi mkuu, ambaye mashine haimkatalii chochote. Maagizo yaliandikwa na bwana mmoja aliyehamia Perth zamani: "Ingia kama msimamizi mkuu. Usibadilishe kitu, inafanya kazi." Timu ilikuwa ya Wakenya watano wa kanisa moja, na nywila ya msimamizi ilikaa kwenye kundi lao la WhatsApp, kati ya michango ya harusi na maombi ya Jumatano. Kusema kila mtu apewe ruhusa yake na mipaka yake kungekuwa kama kumshuku ndugu. Nani angeanza?

Jumanne hiyo, hatua ya kunakili sauti ilitoka nje ya folda. Hakuna aliyeizuia. Sauti zikajinakili kwenye kompyuta yote, zikamaliza, zikaendelea na nyumba. Aketch alisikia kabati likifunguliwa, akaenda jikoni, akamkuta mama yake amejifunga leso, anatafuta majani ya chai.

"Siyo hiyo," Wilkister alisema, akirudisha kopo la kahawa.

"Angalia rafu ya juu, Mama."

"Ndiyo hiyo."

Akachemsha chai ya maziwa kwenye sufuria, akaacha ifurike kidogo kama ilivyokuwa kawaida yake. Alikuwa na yale maneno kumi na moja tu, lakini opareta mzuri hahitaji mengi. Aketch alimsimulia mambo yote tangu walipoonana mara ya mwisho, naye alitia pole pole na hongera mahali pake. Saa kumi na mbili Aketch aliendesha hatua ya mwisho, ya kusafisha nakala zilizobaki baada ya ujenzi, na kiti kikabaki kitupu, kikombe kikiwa na joto.

Kesho yake alimwandikia Njenga, kiongozi wa timu, kwamba kifurushi kinatoka nje ya folda na ujenzi uhamishwe kwa mtumiaji wa kawaida. Njenga alipiga simu.

"Nakuelewa kabisa, dadangu. Lakini hiyo ni kazi ya wiki mbili, na ghala linataka toleo Ijumaa. Imeharibu kitu?"

"Mama yangu anakuja jikoni."

"Pole sana. Basi tutarekebisha lokdauni ikiisha."

Aketch alisema sawa. Alifurahi, na tusimfichie. Tangu siku hiyo alijenga kifurushi kila alasiri, hata siku ambazo hakikubadilika herufi moja, na akaahirisha kusafisha mpaka jioni. Agosti, Njenga mwenyewe alirudi na habari njema: kuna nafasi wiki hii, turekebishe? Aketch alitazama jikoni, ambako Wilkister alikuwa akichambua mchele.

"Wacha tu," akamjibu. "Inafanya kazi."

Alhamisi ya pili ya Septemba, hatua ya kusafisha ilimuuliza kama ilivyomuuliza siku zote: folda gani? Kutoka jikoni Wilkister akasema, "Subiri kidogo." Aketch aligeuza kichwa aone anataka nini, na kidole kikabonyeza kabla hajaandika jina. Agizo lile lilifuta sauti za kifurushi ndani ya folda iliyotajwa. Isipotajwa folda, lilizifuta popote zilipo. Mtumiaji wa kawaida angekataliwa hapo hapo, akatukana kidogo, akaandika upya. Msimamizi mkuu aliambiwa sawa.

Ilichukua dakika nne. Likafuta sauti kwenye kompyuta, simu iliyokuwa ikichajiwa kando yake, diski ya akiba, na seva ya kampuni. Kisha skana za Wetherill Park zikanyamaza, na Venant, msimamizi wa zamu kule ghalani, akapiga simu.

"Dada Aketch, batu hapa banauliza, mama ameenda wapi? Tulizoea kumujibu."

Aketch alimpigia kaka yake Elkana kule Nakuru. Huko kulikuwa asubuhi. Alimwomba amtumie ujumbe wowote wa sauti wa mama, hata ule wa kuwagombeza. Elkana alitafuta. Ujumbe ulikuwapo, sekunde arobaini, na ndani yake palikuwa kimya.

"Halafu kuna kitu kingine," Elkana akasema. "Nakumbuka alivyokuwa ananiita. Maneno nayakumbuka yote. Lakini sauti yenyewe, Aketch, kichwani haipo. Wewe unayo?"

Aketch alijaribu. Alipitia yale maneno kumi na moja, moja moja, na yote yakaja bila sauti.

Jumatatu Njenga aliitisha kikao. Walianza kwa sala, wakampa Aketch pole, wakakubaliana kuwa lilikuwa kosa la kibinadamu. Kwenye maagizo wakaongeza mstari mmoja: "Kuwa mwangalifu." Skana zikapewa sauti ya mashine, na nywila ikabandikwa upya kwenye kundi, maana wengine walikuwa wameipoteza. Siku hiyo hiyo Aketch aliingia kama msimamizi mkuu akajenga toleo jipya.

Wilkister hakuondoka. Kilichofutwa ni sauti, na yeye mwenyewe hakuwa ndani ya folda yoyote. Lokdauni imekwisha, ndege zinaruka, na bado kila alasiri yuko jikoni, anapika chai, anakaa kando ya dirisha. Siku hizi anazungumza sana, zaidi ya maneno kumi na moja, midomo inakwenda na mikono inakwenda, mara anacheka, na kinachosikika ni friji tu. Aketch hukaa mbele yake na kuitikia, "Ndiyo, Mama." Kwa wiki nyingi ilitosha. Juzi Wilkister alituliza midomo katikati ya maneno, kama aliyeuliza swali, akaweka kikombe chini, akamtazama bintiye akingoja jibu. Aketch akasema ndiyo. Wilkister akaendelea kungoja.