Kusikiliza Pumzi ya Sungura

Mimi Nagisa Kuroiwa nina kichwa kigumu, na sioni haya kusema. Sungura wa wiki iliyopita alinifia mikononi nikihangaika kumtia mpira wa kupumulia kooni. Nilimpelekea chenza kwenye jiwe la kumbukumbu ya wanyama wanaofia maabara, nyuma ya jengo, nikainama, nikamwambia: wewe ndiye wa mwisho. Nililia njia nzima kurudi.

Sasa nilikuwa na mwingine mezani, dume jeupe, amelazwa kwa dawa ya usingizi akisubiri upasuaji wa mguu. Koo la sungura ni jembamba, huoni kitu hata umulike taa. Unamwinua kichwa, unapitisha mpira juu ya ulimi, unatega sikio kwenye ncha ya nje. Pumzi ikisikika, uko penyewe; akivuta hewa, unasukuma. Ikipotea, umeingia njia ya chakula.

"Haya, kichwa juu," alisema Mwalimu Tokunaga, mkuu wetu, amesimama begani kwangu.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Polepole."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kushoto kidogo. Si huko! Kidogo, nimesema."

"Ndiyo, Mwalimu. Samahani, Mwalimu."

Mpira ukaenda njia ya chakula. Nikautoa, nikajaribu tena, ukaenda kulekule.

Kaka Igarashi, aliyenitangulia hapo maabara, akacheka kwa dharau. "Dada Kuroiwa, huyu naye kamuandalie chenza lake."

"Kale wewe hilo chenza!" nilimjibu. Roho iliniuma, maana hakusema uongo.

Hapohapo pumzi ya sungura ikaanza kukatika. Koo lilikuwa limevimba kwa kuguswaguswa, na midomo ikaingia rangi ya bluu. Tulimpa oksijeni puani, wapi! Mpira usipoingia, basi tena.

"Mpishe Igarashi," alisema Mwalimu.

"Ndiyo, Mwa..." Nikajisikia mwenyewe. Jamani! Kila neno lake mimi nalijibu, adabu niliyofunzwa na mama tangu najifunza kutembea. Mdomo wake na mdomo wangu haipumziki, pumzi ya mnyama ningeisikia saa ngapi?

"Sipishi," nikasema. "Mwalimu, nyamaza!"

Hakuna aliyewahi kumwambia mwalimu wetu hivyo. Kaka Igarashi alidondosha mkasi. Mimi sikugeuka, liwalo na liwe, sungura huyu hafi. Nikamwinua kichwa, nikapitisha mpira, nikatega sikio. Kimya. Nikausogeza kidogo. Ndipo nikaisikia, hafifu, kama mtu anayepuliza chai. Nikangoja. Alipovuta tena, nikasukuma.

Akakohoa. Mvuke ukatanda ndani ya mpira, ukafutika, ukatanda tena.

"Umo!" nilipiga kelele, machozi yakinitoka.

Midomo ilipoanza kurudi rangi yake, niliinama mpaka paji la uso likagusa meza. "Nisamehe, Mwalimu, nimekuvunjia heshima." Alichukua bomba la mashine ya hewa, akaliunganisha kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki iliyofuata zamu ilikuwa ya Kaka Igarashi. Dume langu jeupe lilikuwa kizimbani linatafuna majani. Kaka akamwinua sungura wake kichwa, akatelezesha mpira, nami nikaona anakwenda kombo.

"Kaka, kushoto kido..."

Mwalimu Tokunaga alinigeukia, kidole mdomoni.

"Kuroiwa," akaninong'oneza, "nyamaza."