Mkono wa Hildeburh

Wulfrun hakumwona mtu yeyote akiiba mzinga wake wa nyuki. Alichokiona, asubuhi ile mzinga ulipopotea, ni mumewe Osgar akishuka kutoka juu ya paa alilokuwa akimwezekea Hildeburh, mjane aliyehamia kijijini kutoka ng'ambo ya mto, na yule mjane akimpangusa vipande vya nyasi begani. Alimpangusa taratibu, kama mtu anayefuta vumbi kwenye mali yake.

Basi baraza la wilaya lilipokaa, Wulfrun akaapa: "Nilimwona Hildeburh, kwa macho yangu haya, akiubeba mzinga wangu kwenye ukungu."

Sheria ilimtaka Hildeburh alete watu kumi na mmoja wa kuapa naye kwamba hana hatia. Mgeni asiye na ndugu, akapata wanne. Wa nne alikuwa Osgar.

"Unaapa dhidi ya mkeo?" Wulfrun alimfokea njiani.

"Naapia ninachokijua. Yule si mwizi."

"Na mengine unayoyajua juu yake, utayaapia lini?"

Osgar akaongeza mwendo.

Wanne hawakutosha. Hildeburh akaamriwa kushika chuma cha moto, ili Mungu aamue. Siku tatu alikula mkate, chumvi na mboga kwa maji matupu. Siku ya nne wanaume wakajipanga kanisani safu mbili, padri akasoma sala ya mwisho, kisha akakitoa chuma kwenye makaa, chenye uzito wa ratili nzima. Hildeburh akakipokea kwa mkono wa kulia, akatembea nacho nyayo tisa, akakitupa. Hakupiga hata ukelele. Padri akaufunga mkono kwa kitambaa na kukipiga muhuri.

Harufu ya nyama iliyoungua ilimfikia Wulfrun, lakini macho yake yalikuwa kwa mumewe. Osgar alikuwa analia. Walikuwa wamezika watoto wawili pamoja, na hakuwahi kuliona chozi lake.

Sasa ilibidi kungoja siku tatu. Mkono ukikutwa na usaha, mjane ana hatia, na mwizi hunyongwa. Siku mbili Wulfrun aliomba mkono uoze. Siku ya tatu wazo likamjia akiwa anakanda unga: Hildeburh akifa, Osgar atamlilia mpaka uzeeni. Mjane aliye hai atazeeka, atang'oka meno kama wengine. Aliyekufa atabaki mzuri vile vile. Akaanza kuomba upone.

Padri akakifungua kitambaa mbele ya watu. Ngozi ilikuwa nyekundu, yenye malengelenge. Akauinusa mkono, akaugeuza kwenye mwanga. "Hauna usaha. Ni safi."

Msimamizi wa mfalme akamgeukia Hildeburh. "Aliyekusingizia hukatwa ulimi. Unadai?"



"Kulikuwa na ukungu," alisema Hildeburh. "Labda alinifananisha. Sidai kitu."

Watu wakamsifu mpaka nje. Hata wema huo Wulfrun aliuonea wivu.

Kesho yake akachukua mafuta ya bata bukini, akaenda. Akamkuta mjane anahangaika kukamua ng'ombe kwa mkono wa kushoto.

"Umekuja kunimalizia?" Hildeburh akauliza.

"Nimekuja kukamua. Sogea."

Maziwa yakaanza kulia ndooni. Wulfrun akasema, bila kuinua uso, "Nilidanganya. Sikukuona."

"Najua. Nilikuwepo, mwenzangu."

"Mbona hukudai?"

"Ulimi wako ningeufanyia nini?" Hildeburh akaegemea ukuta. "Na hukukosea yote. Paa lilipokwisha, mumeo alirudi mara mbili bila ngazi. Mara ya pili nilimfukuza kwa uma wa samadi."

Mikono ya Wulfrun ikasimama. "Na wewe ulimtaka?"

"Mimi nilitaka paa."

Wulfrun hakujua acheke au amwage maziwa. Akaendelea kukamua mpaka ndoo ikajaa, akampaka mafuta kiganjani, polepole, akizunguka malengelenge.

Nyumbani Osgar alikuwa amekaa mezani. "Ulikuwa wapi?"

"Kwa Hildeburh."

"Mkono wake vipi?" Aliuliza upesi mno, na uso wake ukamsaliti.

Wivu ukamchoma Wulfrun kama siku ya kwanza. Akajipakulia uji wa shayiri, akaketi.

"Nenda kamuulize mwenyewe," akasema, akaanza kula.

Osgar hakwenda.