Mkono wa Mtu

Gari halina pepo, lina waya. Ndivyo fundi umeme alivyozoea kuwajibu wateja wake, na alilisema neno hilo kwa kiburi kidogo, kama mtu asiyewahi kuogopa giza. Siku ile lilimkwama kooni, maana aliyekuwa mbele yake ni mjane wa kaka yake, na gari lenyewe lilikuwa la kaka yake.

"Shemeji, hapa kuna mkono wa mtu," mjane alisema, bado ameshika usukani. Nyuma yake kreti tupu za mikate zilikuwa zimepangwa hadi juu. "Kila asubuhi nikifika geti la makaburi, linaishiwa nguvu. Nakanyaga mafuta, halitaki. Taa ya injini inawaka. Nikizima na kuwasha, linakwenda. Si kabla ya hapo wala baada ya hapo. Pale tu. Ila leo halikurudi hata nilipozima, nimelikokota hivyo hivyo mpaka kwako."

"Pale alipolala."

"Umesema wewe."

Marehemu alikuwa na utani wake, kila aliyemwomba gari aliambiwa: gari ni kama mswaki, haliazimwi. Watu walicheka, na mkewe alicheka nao, ingawa yeye ndiye aliyenyimwa kuliko wote.

"Mama yenu anasema mwanawe hajaridhia niliendeshe," alisema. "Kama ni kweli, naliacha hapa leo hii, na biashara ya mikate basi. Siwezi kugombana na maiti. Hata alipokuwa hai sikumshinda."

Fundi alicheka, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Tangu mazishi hakuwa ameingia kwenye gari hili, na ndani bado mlinuka kaka yake: grisi na pipi za mnanaa.

Alichomeka mashine ya kupimia. Kosa lilikuwa moja tu, la sensa ya joto la mafuta, kile kidude kinachoiambia kompyuta ya gari dizeli ina joto kiasi gani. Jua lilikuwa linachoma mabati ya karakana, injini imetoka barabarani inatokota, na mashine inasema mafuta yako nyuzi arobaini chini ya sifuri. Maana yake aliijua: mahali fulani waya umekatika, kompyuta haisikii kitu, inadhani nje ni barafu na inabana nguvu za injini. Alijua yote hayo, na bado vinyweleo vilimsimama. Alikumbuka mkono wa kaka yake alipoushika hospitali mara ya mwisho.

Alichomoa soketi, akaipima sensa kwa mita. Nzima kabisa. Kisha akaziunganisha nyaya mbili za soketi kwa kipande cha waya. Hapo namba ilipaswa kuruka hadi joto la kupindukia. Haikutikisika. Basi mgonjwa hakuwa sensa, alikuwa waya unaotoka kwenye sensa kwenda kwenye kompyuta.

Akarudisha soketi. Injini ya gari lile imelala chini ya siti, hivyo alimshusha mjane, akampa mashine aisome, akainua siti ya dereva na kuanza kupapasa nyaya shibri kwa shibri.

"Arobaini chini," mjane alisoma. "Arobaini chini. Arobaini chini." Kisha sauti ikabadilika. "Sitini na mbili."

Fundi akalegeza vidole.

"Arobaini chini. Shemeji, umeshika nini?"

Alikuwa ameshika bonge la tepu nyeusi, kando ya reli ya siti. Tepu ilikuwa imezungushwa kinyume, na ncha yake imekunjwa ikabaki kasikio ka kuivutia. Akaurudisha mkono haraka kama aliyeguswa. Mtu aliyefunga tepu namna hiyo, kwa mkono wa kushoto, na kuacha kasikio ili fundi wa baadaye asimtukane, alikuwa mmoja tu. Ndiye aliyemfundisha kazi.

"Ni yeye," alisema, na papo hapo akajuta.

Mjane aliweka mashine chini taratibu. "Basi hataki," alisema. "Kwa nini hakuniambia akiwa hai?"

"Ngoja kwanza, shemeji. Ngoja."

Fundi alijiuliza swali la kazi, maana la msiba lilimshinda: kwa nini mtu akate waya mzima? Akafuta vumbi kwa kiganja. Hapo akaona matundu manne ya zamani ya bolti, na mbele yake, upana wa kiganja, mengine manne mapya. Siti ilisogezwa mbele. Bolti mpya ilikuta waya njiani. Kaka yake akaukata, akauungia kipande ili uizunguke bolti. Kipande kilikuwa kifupi mno. Huenda aliishiwa waya, huenda aliishiwa pumzi. Na pale mtaro unapokatiza barabara, mbele ya geti la makaburi, siti inaruka, kiungo kinaachia.

"Shemeji, ulipoanza kuliendesha, uliweka mto mgongoni?"

"Mto wa nini? Miguu ilifika yenyewe."

"Kaka alikuwa mlingoti. Miguu yako ingefikaje?"

Mjane aliinama kuyatazama matundu.

"Kabla hajalazwa alikuja kuazima drili," fundi alisema. "Nikamuuliza ya nini. Akasema mswaki umepata wa kuuazima. Nikadhani dawa zimempanda kichwani."

Mjane alianza kucheka, na kicheko kikageuka njiani. Alilia ameegemea kreti, na fundi naye alilia, ameinama kwenye injini, akijifanya anatafuta koleo.

Alikikata kile kiungo, akaunga waya mrefu na kuulehemu vizuri. Kipande cha zamani hakukitupa, alikiweka kwenye kiganja cha shemeji yake, na kasikio kake.

Walikwenda kulijaribu, mjane kwenye usukani, fundi na mashine magotini. Mtaro uliwarusha. Sitini na nne. Gari halikusita hata kidogo, lilipita geti la makaburi kama geti lolote. Hatua chache mbele, mjane mwenyewe akakanyaga breki.

"Nimezoea kusimama hapa," alisema.

Fundi aliizima mashine, akamwacha asimame.